Tulimkuza kenge wa kwenye kompyuta mpaka ndugu wawili wakaacha kusemezana (Kisauni, miaka ya tisini)

Wakuu, salaam kwenu nyote, wa bara na wa pwani.

Mimi humu ndani ni msomaji zaidi kuliko mwandishi. Lakini juzi kuna mwenzetu alianzisha uzi wa magemu ya zamani, watu wakawa wanakumbushana na kucheka, nami nikajikuta nimeshika simu kimya kama niliyeletewa habari ya msiba.

Nikaona bora niseme langu.

Nitakayoeleza nilikuwapo, niliyaona na mengine niliyasikia kwa masikio yangu. Majina tu ndiyo nimeyabadilisha, maana wenyewe wangali hai na mmoja wao hupenda kupekuapekua mitandaoni.

Twende taratibu.

Ilikuwa Kisauni, mwanzoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa nimemaliza fomu foo, nyumbani wakajikamua wakanilipia kozi ya kompyuta mjini. Chuoni mashine zilikuwa chache, mnakaa watatu kwa moja, mmoja anabonyeza wawili wanaangalia. Ukitaka kuelewa lazima utafute mahali pengine pa kufanyia mazoezi.

Nyumba ya pili kutoka kwetu alikaa Bi Zuhura, mjane, pamoja na wanawe wawili wa kiume.

Mkubwa ni Athman. Wakati huo alikuwa ameshapita thelathini, ana duka la mbao. Mtu wa maneno machache, akishaamua jambo limeamuliwa.

Mdogo ni Salim, mcheshi, akifanya kazi ya kupakia mizigo uwanja wa ndege kwa zamu. Leo yuko kazini asubuhi, kesho jioni.

Baba yao, Mungu amrehemu, alikuwa na ofisi ndogo ya kutoa mizigo bandarini. Alipofariki ofisi ikafungwa, na kompyuta yake ikaletwa nyumbani. Wakaiweka sebuleni, wakaifunika kitambaa cha kufuma, na juu yake pakakaa maua ya plastiki.

Mtauliza kwa nini hawakuiuza.

Kuuza kitu cha marehemu kunataka ndugu wakae chini wakubaliane. Na hawa ndugu walikuwa hawasemezani.

Sababu ilikuwa ukuta. Salim alikuwa amechumbia, akataka vyumba viwili vya nyuma vitengwe kwa ukuta, vipate mlango wao, aingize mkewe. Athman akasema baba hajakauka kaburini na nyumba yake inaanza kukatwa vipande. Salim akajibu kwamba Athman anataka nyumba nzima iwe yake. Neno likazaa neno, mpaka wakafika mahali wanakula sinia moja lakini wanazungumza kupitia kwa mama yao.

"Mama, mwambie mwanao asogeze mchuzi."

"Mama, mwambie mwanao ana mikono."

Bi Zuhura alikuwa akicheka mbele ya watu. Lakini mama yangu aliniambia kwamba wakiwa wawili jikoni, yule mama alikuwa akilia.

Basi mimi nikaenda kuomba ruhusa nifanyie mazoezi kwenye ile kompyuta. Bi Zuhura akaniambia, "Njoo mwanangu, angalau iwake, mpaka sasa imekuwa meza ya maua."

Sasa, gemu.

Chuoni kijana mmoja alinipa disketi zenye gemu. Ilikuwa nakala ya nakala, haina kitabu cha maelezo, hata jina lake sikuwahi kulijua, maana ukurasa wa mwanzo ulikuwa umeharibika unaleta mistari tu. Sisi tuliliita Kisiwa.

Unapewa kisiwa kitupu. Unaweka mito, misitu, mapango. Halafu unaweka viumbe, tena viumbe ambavyo Mungu hakuviumba: kuna mbuzi wenye magamba, kuna kunguru wenye pembe, kuna vyura wanaowaka kama taa.

Humpigi mtu risasi, wala hakuna kushinda. Unaangalia tu wanavyokula, wanavyozaana, wanavyokua na wanavyokufa.

Wengine mtaona ni ujinga. Sisi tulikuwa tunasahau hata chai.

Katika wale viumbe kulikuwa na mmoja mwenye umbo la kenge, ana mbawa fupi zisizoweza kumwinua. Nikimwona namhurumia. Tukamwita Kenge tu.

Jioni moja Athman alirudi kutoka dukani akasimama nyuma yangu. Nikadhani anataka kunifukuza.

Akauliza, "Huyu mbona hakui tena?"

Nikamwambia, "Amefika kikomo, kaka. Kila mnyama ana ukubwa wake, hapiti hapo."

"Kikomo kimewekwa na nani?"

"Na waliotengeneza gemu."

"Wako wapi?"

"Sijui. Ulaya huko."

Akavuta kiti. "Basi kiondoe."

Nami siku zile nilikuwa nimeshagundua kwamba ndani ya ile disketi kuna faili unaloweza kulifungua kama barua ya kawaida. Ndani yake yameorodheshwa majina ya viumbe na mbele ya kila jina kuna namba: mbio zake, ulaji wake, umri wake, na kikomo cha ukubwa wake. Cha Kenge kilikuwa sitini.

Tukafuta sitini tukaandika tisini.

Tukafungua gemu. Kenge akaanza kukua tena. Kila akila shibe yake anaongezeka kidogo, mpaka akazidi miti mifupi.

Athman akatabasamu, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza kumwona akitabasamu tangu mazishi ya baba yake.

Tukapandisha mpaka mia na ishirini. Hapo tukaona kitu: Kenge hakuishia mia na ishirini, aliishia mia na ishirini na mbili. Athman akasema, "Huyu si mwaminifu," tukacheka tukaendelea.

Kwa ukubwa ule akawa haingii tena pangoni. Mvua ya kwenye gemu ikinyesha, wenzake wote wanakimbilia ndani, yeye anaingiza kichwa tu, mwili mzima uko nje unalowa.

Tukapandisha mpaka mia mbili. Akawa anakunywa bwawa moja kwa mkao mmoja, na akilala mtoni mto unaziba, upande wa chini wanyama wanakufa kwa kiu.

Tukaandika mia tatu. Gemu likagoma kufunguka kabisa. Tukashuka. Mia mbili na themanini, likagoma. Mia mbili na sitini, likagoma. Tukawa tunapanda na kushuka mpaka tukajua: mia mbili hamsini na tano linakubali, mia mbili hamsini na sita halikubali.

Kwa nini namba ile, hakuna aliyejua. Athman akasema labda ndiyo namba waliyoipenda wazungu wale. Tukaiacha hapo.

Nije kwa Salim.

Salim alikuwa akipita sebuleni kama asiyetuona. Lakini anapita mara nyingi mno kwa mtu asiyetuona. Siku moja akasimama mlangoni akaniambia mimi, si nduguye:

"Mwambie mwenzako, mnyama wake amelalia mto. Mbuzi wote wa chini wamekufa."

Athman, bila kugeuka, akaniambia, "Mwambie mwenzako, akijua zaidi aje akae."

Nami nikawa kama mama yao, napeleka maneno hatua mbili.

Salim akaja akakaa.

Yeye hakuvutiwa na ukubwa. Alitaka kujua mnyama anaweza kuwa mdogo kiasi gani na bado akaishi. Akachukua wale mbuzi wenye magamba akawapunguza. Walipofika moja, walikuwa wakizama kwenye unyayo wa Kenge uliojaa maji ya mvua. Mbili, kunguru wanawadonoa. Tatu, wakaishi, wakawa wanajificha chini ya majani, na wakazaana mpaka ukanda mzima wa pwani ya kile kisiwa ukawa unatambaa.

"Unaona?" akamwambia kaka yake. "Wako wengi kuliko wewe."

Athman akajibu, "Wengi wa nini, hata hawaonekani."

Na hapo wakuu, hakuna aliyeshtuka isipokuwa mimi na Bi Zuhura aliyekuwa akichambua mchele mlangoni. Walikuwa wamesemezana. Uso kwa uso, bila mtu katikati.

Yule mama aliinuka polepole na ungo wake akaenda jikoni. Jioni ile tulikula mahamri na mbaazi ambazo sikuwa nimezisikia zikipangwa.

Kuanzia hapo nyumba ilibadilika. Wakawa na zamu za kumlisha Kenge, maana usipomlisha kwa mkono anamaliza wanyama wengine. Athman anamlisha asubuhi kabla ya kufungua duka, Salim mchana au jioni kufuatana na zamu zake za kazi. Wakawa wanabishana, lakini kubishana kwa watu wanaopendana. Salim akimwambia kaka yake, "Ningekuwa peke yangu ningempunguza huyo, anatumalizia kisiwa." Athman anamwambia, "Mguse uone."

Na kutoka kwenye kisiwa wakahamia kwenye nyumba. Nilikuwepo siku Athman aliposema, huku macho yako kwenye skrini, "Ule ukuta wako, ukiupitisha nyuma ya kisima hautakata ukumbi."

Salim akasema, "Nyuma ya kisima nafasi inatosha."

"Basi mwite fundi aje apime."

Fundi akaitwa, akaahidi kuja Jumamosi. Bi Zuhura akaja kwetu kumwambia mama yangu. Alikuwa na furaha mpaka akasahau viatu vyake kwetu akarudi na kandambili za mama.

Sasa Alhamisi.

Asubuhi, Athman alipomlisha, Kenge alifika mia mbili hamsini na nne. Bado moja. Athman alikuwa akihesabu hiyo kama mtu anayengoja mwezi wa Idi. Alisema jioni akitoka dukani tutakaa tumwone akifika mwisho.

Alhamisi mchana Salim alimlisha kama kawaida, akafunga hapohapo, akawahi kazini.

Baada ya magharibi Athman akaja na mimi nikaja. Akawasha. Gemu likafunguka.

Bonde lilikuwa tupu.

Mahali Kenge alipokuwa akilala palikuwa na nyasi zilizolaliwa, na katikati kitone. Athman akakibonyeza. Ikaandikwa jina la Kenge, na ukubwa wake: moja.

Kabla hatujasema neno, kunguru mwenye pembe akashuka akamdonoa. Kwisha.

Athman akaniambia nifungue lile faili la namba. Nikalifungua. Kikomo cha Kenge kilikuwa palepale, mia mbili hamsini na tano.

"Amebadilisha akapunguza," akasema, "kisha akarudisha ili tusijue."

Tukamngoja Salim. Aliporudi, alikuta kaka yake amesimama katikati ya ukumbi, na mama yao ametoka chumbani kwa jinsi alivyosikia kimya kile.

"Umemgusa Kenge?"

"Nimemlisha."

"Sikuulizi kulisha. Umegusa namba?"

"Sikugusa."

"Amekuwa moja, Salim. Mnyama mzima amekuwa moja."

Salim akacheka, akidhani ni mzaha. Kile kicheko ndicho kilichoharibu. Athman akamwambia kwamba ndivyo alivyo, mambo yake anayafanya mtu akigeuza mgongo, na kwamba hata ukuta ule pengine akishaupata atauza na vyumba.

Salim akaacha kucheka. Akasema, "Wallahi sikugusa."

"Usiape."

"Wallahi, kaka. Nilimlisha nikafunga hapohapo bila kutazama, nikaenda kazini. Sijui kilichotokea."

Athman akanigeukia mimi. Nakumbuka hata mahali nilipokuwa nimesimama, karibu na lile friji lao bovu waliloligeuza kabati.

"Wewe ndiye unayesoma mambo haya. Namba inaweza kubadilika yenyewe?"

Nikafikiri. Nikamtazama Salim, nikamtazama yeye.

Nikasema, "Sijui."

Na kweli sikujua. Nimejipima sana juu ya neno lile, na siwezi kusema nilikosea kulisema, maana ndiyo iliyokuwa elimu yangu yote. Lakini niliona usoni mwa Athman kwamba amelisikia kama "haiwezi". Na Salim naye alilisikia hivyo hivyo.

Bi Zuhura akasema, "Athman, mtu ameapa. Mwache."

Athman akasema, "Hata marehemu baba alikuwa akimjua kwa viapo vyake."

Jamani. Kuna maneno mtu akishayatoa, hata angeyafuata mbio hayashiki.

Salim aliingia chumbani, akatoka na begi. Mama yake akamshika mkono, akamwambia kwa sauti ya chini sana, "Mwanangu, ni mambo ya kwenye kioo hayo."

Akambusu mkono, akatoka.

Jumamosi fundi akaja na kamba yake ya kupimia, akaambiwa hakuna kazi.

Salim akapanga chumba Port Reitz, karibu na kazini, akaoa hukohuko. Athman hakwenda harusini. Kumwona mama yake Salim alikuwa akija saa ambazo kaka yake yuko dukani, anakaa kidogo, anaondoka. Nikikutana naye njiani ananisalimu vizuri tu. Hakuwahi kunitaja ubaya.

Kompyuta ikarudishiwa kitambaa chake na maua. Mimi sikwenda tena kuiomba, nikamalizia kozi yangu kwa kubanana na wenzangu chuoni.

Miaka ikapita. Bi Zuhura akafariki.

Mliowahi kuzika Pwani mnajua, maiti hupokelewa kaburini na watu wake wa karibu. Wakashuka wote wawili. Athman upande wa kichwa, Salim upande wa miguu. Wakampokea mama yao, wakamlaza, wakamfungua kamba, wakaweka mbao. Mikono yao ilikuwa ikigusana. Nilikuwa nimesimama juu nikiangalia, na sikusikia mmoja akimwambia mwenzake hata "shika hapa".

Wakapanda juu, kila mmoja akashika njia yake ya kupokea rambirambi.

Nilidhani hadithi imeishia hapo.

Ukafika ule mwaka wa mwisho kabla ya elfu mbili. Wakubwa wenzangu mnakumbuka zile habari kwamba ikiingia mwaka mpya kompyuta zitachanganyikiwa tarehe. Mimi nilikuwa nimepata kazi ofisi moja Changamwe, na wakamleta mtaalamu kutoka Nairobi kukagua mashine zetu. Dada mmoja makini, tumwite Njeri.

Wakati wa chai nikamwuliza hasa tatizo ni nini. Akaniambia, "Unajua ile mita ya gari ya kilomita? Ikijaa tisa zote inarudi sufuri. Gari halijarudi nyuma, ni nafasi za kuandikia zimeisha. Kompyuta nayo inatenga nafasi. Zikiisha, inaanza upya."

Nikauliza, "Je, kuna nafasi inayoisha kwenye mia mbili hamsini na tano?"

Akacheka. "Hiyo ndiyo ndogo yenyewe. Ikifika hapo, ukiongeza moja inakuwa sufuri. Kwa nini?"

Nikaweka kikombe chini, nikamsimulia habari ya Kenge.

Disketi zile nilikuwa nazo bado, kwenye boksi la viatu nyumbani, unajua vile mtu hatupi vitu. Kesho yake nikazileta. Moja ilikuwa imeota ukungu lakini Njeri akaisafisha ikasomeka. Nikamweka Kenge, nikamwandikia kikomo mia mbili hamsini na tano, tukamlisha mpaka mia mbili hamsini na nne.

Njeri akasema, "Lisha."

Nikabonyeza.

Lile jitu likapotea, pakabaki kitone. Ukubwa moja. Na kunguru akashuka, vilevile.

Akanieleza kwenye karatasi. Gemu huangalia kwanza kama mnyama yuko chini ya kikomo. Yuko mia mbili hamsini na nne, kweli yuko chini. Basi linamwongezea shibe yake, na shibe yake ni tatu. Ndiyo maana zamani alipitiliza mia na ishirini akawa na mbili za ziada, tukacheka. Sasa akapitiliza mahali ambapo nafasi zimekwisha, akahesabiwa upya kuanzia mwanzo.

Hakuna mtu aliyegusa namba. Salim alimlisha tu, akafunga, akaenda kazini.

Nikaomba ruhusa ya nusu siku.

Nilimkuta Athman dukani kwake, anakata ubao. Mvi zimeshamwingia. Nikamweleza yote, nikamchorea na ile mita ya gari kwenye kipande cha mbao kwa penseli yake. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza.

Nikamaliza kwa kusema, "Kwa hiyo kaka, Salim hakugusa. Nimehakikisha kwa macho yangu."

Alifuta vumbi la mbao kwenye mikono, kidole kimoja kimoja.

Akasema, "Aliapa mbele ya mama. Hapo nilikuwa nimeshahakikishiwa. Kompyuta ya nini tena."

Nikamrudishia penseli yake.

Baadaye akauliza, "Unapajua kwake?"

"Napajua."

"Nipeleke. Peke yangu sitafika."

Tulikwenda Jumapili. Mlango ulifunguliwa na binti mdogo, akatwambia shikamoo kwa adabu na kuuliza tunamtaka nani. Alikuwa akimwuliza hivyo baba yake mkubwa. Athman akaitika marahaba, kisha akashindwa kusema jina la ndugu yake. Nikalisema mimi.

Salim alitoka na shuka kiunoni, alikuwa amepumzika baada ya zamu. Alipomwona kaka yake akasimama. Akasema, "Karibuni," kama anavyoambiwa mgeni yeyote, tukaingia tukakaa, mkewe akaleta chai.

Nikaanza kueleza habari ya namba. Salim akainua mkono kidogo, akanizuia kwa upole.

"Mimi nilishaapa," akasema. "Mara moja inatosha."

Athman akasema, "Ni kweli. Mimi ndiye nimekuja." "Nimekuja kuomba radhi, Salim. Hata kama ungegusa, alikuwa mnyama wa kwenye kioo."

Salim akaweka kikombe chini. Nilidhani atalia au atatufukuza, chochote kati ya hivyo.

Akasema, "Miaka yote ile nikija kumwona mama, ananipa chakula, ananiuliza kazi, ananiuliza watoto. Hakuwahi kuniuliza hata siku moja kama niligusa."

Athman akafunika uso kwa mikono yake miwili mikubwa. Nami nikatoka nje, nikawaacha.

Leo wanasemezana. Idi wanatembeleana, watoto wao wanajuana. Lakini nitasema ukweli: si kama ilivyokuwa wakati ule mbele ya skrini. Kila mmoja anachagua maneno. Na ule ukuta haukujengwa, hakuna tena wa kuishi nyuma yake.

Mimi nimebaki na maumivu yangu ya namna nyingine. Elimu niliyoihitaji Alhamisi ile ilinifikia mama yao akiwa ameshalala makaburini Kisauni. Na nikiwaza vizuri, hata ingenifikia mapema, sijui ingesaidia nini. Palikuwa na mtu anaapa, na mama anasema mwacheni. Mimi na Athman tulikuwa tunatazama namba.

Nilichojifunza ni kidogo tu. Mtu wako akikwambia hakufanya, mpe nafasi ya kuaminiwa leo, kabla mashine haijamtetea. Ushahidi ukishafika, kumwamini si zawadi tena.

Haya wakuu, uwanja ni wenu. Kama kuna anayelijua jina la gemu lile aniambie, ningependa kulijua angalau. Na kama kuna humu aliyewahi kuapa nyumbani kwao asisadikiwe, aandike. Mimi nitamsoma, na sitamwuliza kama aligusa.